Noti Iliyokosewa Matbaani

Katika mwaka wa 1985 zilitoka nchini mwetu Tanzania noti za shilingi 20, 50 na 100 zenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere, na nyuma yake zilikuwa na ramani ya nchi ambayo kwa mwenye haraka haikuonyesha kasoro yoyote. Walakini aliyetulia akaifuata pwani kwa jicho, kutoka Tanga mpaka Mtwara, aliona jambo la kustaajabisha, kwamba Unguja haikuwamo, wala Pemba, wala Mafia. Bahari ilikuwa tupu. Taifa lililozaliwa kwa muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964 lilikuwa likilipana mishahara na kununuliana unga kwa karatasi ambayo mshirika mmoja wa muungano huo hakuonekana ndani yake, na mwaka uliofuata zikatoka noti za namna ile ile zilizorudishiwa visiwa vyake.

Wakusanyaji wa noti wanazijua noti hizo za 1985, na katika orodha zao huzitenga na zile za 1986. Lakini hawaziiti noti zilizokosewa kwa maana ambayo makala haya yanakusudia kuieleza. Sababu ni kwamba kosa lilikuwa katika mchoro kabla mashine haijazunguka hata mara moja, na madhali mchoro ulikosa visiwa, kila noti iliyotokana nao ilivikosa, ya kwanza sawasawa na ya mwisho. Hilo ni toleo, si ajali. Waaustralia nao walipatwa na jambo la jinsi hiyo: noti yao ya dola 50 iliyotolewa mwaka 2018, yenye sura ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuingia bungeni katika nchi ile, iliandikwa kwa herufi ndogo mno maneno ya hotuba yake, na neno moja likapungukiwa na herufi. Umma ulipokuja kutambua mwaka 2019, noti milioni 46 zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na mwenye kuishika moja kati ya hizo ana dola 50 mkononi, basi.

Noti iliyokosewa, kwa wajuzi wa fani hii, ni ile ambayo mchoro wake ulikuwa sahihi, karatasi yake halali na wino wake halali, lakini katika safari yake ndani ya matbaa ikapatwa na hitilafu ambayo wenzake hawakupatwa nayo, kisha ikawaponyoka wakaguzi ikatoka hadharani. Kwa hiyo hitilafu hiyo sharti iwe imetokea kabla noti haijatoka mlangoni pa matbaa, tena iwe imetokana na kazi yenyewe ya kuchapa au kukata, bila ya mkono wa mtu aliyetaka iwe hivyo. Lolote lililoipata noti baada ya hapo, liwe doa la mafuta, liwe moto, liwe jino la panya au mkasi wa mtoto, ni uharibifu tu, na uharibifu haukusanywi.

Jambo hili lina uzito mahali kama Temeke na Kinondoni za Dar es Salaam kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa huko ndiko fedha taslimu inakopita mikononi usiku na mchana. Wakala wa fedha za simu pale Mbagala Rangi Tatu huhesabu noti tangu asubuhi mpaka giza liingie. Kondakta wa daladala ziendazo Tandika huzipanga vidoleni kwa thamani zake. Mama lishe wa Tandale hupokea na kurudisha chenji huku sufuria iko motoni. Na siku za kuelekea Idi, au msimu wa harusi ambapo waimbaji wa taarabu hutunzwa mbele ya halaiki, watu hutafuta kutoka benki noti mpya zisizopata kukunjwa. Noti iliyokosewa, ikiwa ipo, aghalabu wa kwanza kuiona ni watu hawa. Na ni watu hawa hawa wanaotafutwa na wenye hadaa, wale wanaoeneza habari kwamba noti yenye kasoro au sarafu ya kale hununuliwa kwa mamilioni, kisha humwomba mwenye nayo atangulize ada kidogo ili jina lake lisajiliwe. Hakuna mnunuzi mwaminifu wa noti, hapa kwetu wala ng'ambo, anayemdai muuzaji fedha ya kutanguliza ili apate kumlipa, na mtu akilishika neno hilo moja amekwisha kujiokoa na mengi.

Ili mtu aweze kuhukumu, hana budi kujua noti huzaliwaje. Zetu hazichapwi hapa nchini; hata zile za mwanzo, zilizotolewa na Benki Kuu ilipofungua kazi mwezi wa Juni 1966, zilichapwa na kampuni ya Thomas De La Rue ya Uingereza. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba, na ule utepe wa usalama pamoja na kivuli kinachoonekana noti ikielekezwa kwenye mwanga, ambacho katika noti zilizotolewa tangu mwaka 2011 ni sura ya Mwalimu, hutiwa wakati karatasi yenyewe ingali rojorojo ya maji, ndiyo maana mtu hawezi kuviongeza baadaye. Karatasi ikiisha kukauka huwa ni pana, yenye nafasi ya noti nyingi kwa pamoja, nayo huanza kupita hatua kwa hatua. Kwanza hupigwa zile rangi nyepesi za chini, mbele na nyuma. Kisha huja chapa ya mchongo, ambayo sahani ya chuma iliyochimbwa hujazwa wino mzito ikagandamizwa kwa nguvu nyingi mpaka wino ukasimama juu ya karatasi, na ndio ule mkwaruzo ambao kidole huuhisi kikipita juu ya maandishi makubwa. Baadaye hupigwa namba, na mwisho karatasi hukatwa, zikafungwa noti mabunda.

Hatua hizi ndizo mizani ya hukumu yote. Mtu akiona kasoro katika noti, asijiulize kwanza itampa kiasi gani, bali ajiulize ilitokea katika hatua ipi. Na akiisha kuitaja hatua hiyo, atazame kama hatua zilizotangulia na zilizofuata zinatoa ushahidi mmoja nayo. Ushahidi ukipingana, noti hiyo imeharibiwa au imeghushiwa.

Mfano mzuri kupita yote niujuao ni wa noti moja ya Marekani ya dola 20, ya mfululizo wa 1996, ambayo ilichapwa ikiwa na kibandiko cha ndizi kilichogandia juu yake, kile kidogo ambacho kampuni ya Del Monte hubandika juu ya matunda yake. Mtu yeyote anaweza kubandika kibandiko juu ya noti, hata leo, hata Tandale. Lakini katika noti ile muhuri na namba zilipita juu ya kibandiko, ilhali sura na mapambo yalikuwa chini yake. Maana yake kilianguka juu ya karatasi baada ya sura kuchapwa na kabla ya namba, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo jambo hilo liliwezekana isipokuwa ndani ya matbaa ya serikali. Ni kama fundi anayekuta msumari umefunikwa kwa chokaa: hahitaji kuambiwa kipi kilitangulia. Kwa ajili ya ushahidi huo noti hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 25,300 mwaka 2006, na mwezi wa Januari 2021 ikauzwa tena kwa dola 396,000.

Tukirudi katika mambo yanayoweza kumfika mtu wa kawaida, hitilafu inayotambulika kwa urahisi zaidi ni ya karatasi iliyokunjika. Pembe ya karatasi pana hujikunja kabla ya chapa, ile sehemu iliyojificha isipate wino, na sehemu iliyofunuka ikapata wino usiokuwa wake. Noti hiyo ikikunjuliwa huwa na pengo jeupe lenye mpaka ulionyooka kama wembe, na pengo hilo hufuata mstari wa mkunjo wenyewe. Rudisha mkunjo mahali pake, mchoro uliokatika utaungana tena bila ya kupotea hata unywele. Usipoungana, aliyelitengeneza pengo hilo alikuwa na kifutio. Tena tazama kama chapa zote zimepungua katika pengo hilo au moja tu, kwa sababu karatasi huweza kujikunja katikati ya hatua, rangi za chini zikawamo na wino wa mchongo usiwemo. Na mkunjo ukidumu mpaka kwenye kukatwa, noti hutoka na kipande cha karatasi kilichozidi ubavuni. Hizo ndizo wakusanyaji wanazozishindania, kwa kuwa ukubwa wake wenyewe ni shahidi.

Kukatwa vibaya nako kuna hesabu yake, nayo haidanganyi. Noti iliyokatwa vibaya matbaani, ikipoteza upande mmoja, hupata upande wa pili. Kushoto ikipungukiwa na ukingo, kulia itakuwa na ukingo mpana zaidi, au hata na kipande cha noti jirani katika karatasi pana. Mkasi hauwezi kuongeza. Mkasi hupunguza tu. Basi iweke noti unayoishuku juu ya nyingine ya thamani ile ile na toleo lile lile, uzipime kwa rula: ikiwa jumla ya upana wake ni pungufu, na hakuna upande uliofaidika, imepunguzwa mtaani. Ukingo kuwa mpana kidogo upande mmoja kuliko wa pili si kitu. Noti nyingi zi hivyo, na mnunuzi hataitazama mara mbili mpaka mchoro wenyewe uwe umekatwa.

Kuna pia noti zinazobeba, juu ya uso mmoja, kivuli cha mchoro wa uso wa pili kilichogeuka kama mtu ajionavyo katika kioo. Huja hivi: karatasi moja hukosa kuingia katika mashine, wino ukaangukia juu ya silinda ya kugandamizia, na karatasi inayofuata ikaupokea wino huo mgongoni mwake. Kivuli hiki lazima kiwe cha kipimo kile kile cha mchoro wa asili, lazima kigeuke, na lazima kififie kutoka karatasi hata karatasi. Hapa ndipo bunda jipya linapokuwa na faida kubwa, na nataka msomaji alielewe vema, kwa maana wengi hupoteza ushahidi wao hapa. Noti zenye namba zinazofuatana katika bunda aghalabu hazikukaa pamoja katika karatasi moja. Zilikaa mahali pamoja katika karatasi zilizofuatana. Kwa hiyo noti yenye kivuli kizito ikiwa na namba fulani, inayoifuata itakuwa na kivuli chepesi zaidi, na ya tatu yake chepesi zaidi ya hicho. Anayeipata noti ya ajabu katika bunda la Idi akaichomoa hiyo peke yake, nyingine akazigawa kwa watoto, amewagawia watoto mashahidi wake.

Juu ya namba yapo mambo mengi, nami nitataja machache. Noti zetu huwa na herufi mbili na tarakimu saba, na namba hiyo hurudiwa mahali pawili juu ya uso mmoja. Mahali pawili hapo pakitofautiana, hata kwa tarakimu moja, hiyo ni hitilafu ya kweli, kwa kuwa gurudumu moja la mashine ya namba lilikwama wakati lingine lilipozunguka. Namba ikikosekana kabisa, shaka inazidi, maana kufuta ni rahisi kuliko kuandika. Ielekeze noti kwenye taa kwa ubavu, mwanga ukipita sambamba na karatasi, utazame kwa kioo cha kukuzia mahali namba ilipopaswa kuwa. Karatasi iliyosuguliwa husimamisha nywelenywele za pamba, na iliyotiwa dawa hubadilika wekundu au umanjano wake pale tu ilipoguswa. Lakini namba ya kupendeza si namba iliyokosewa. Tarakimu zinazofanana zote, au 786, ambayo Waislamu wengi huiheshimu kwa kuwa ndiyo hesabu ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi, zinaweza kumpata mnunuzi wake, lakini mashine haikukosea ilipozipiga. Wala noti zinazoanza kwa herufi ZZ si makosa; herufi hizo hutumiwa kwa noti zinazochapwa kujaza nafasi ya zilizoharibika matbaani, nazo hukusanywa kwa haki yake nyingine.

Rangi ndiyo inayowahadaa wengi. Noti iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga, au iliyodondokewa na jiki, hupoteza wino mmoja ikabakiza mwingine, kwa hiyo nyekundu ya elfu kumi huweza kugeuka rangi ambayo hakuna aliyepata kuiona. Dawa hizo huila karatasi pande zote mbili na kuipunguzia ugumu wake, na chini ya taa ya urujuani, ile ile ambayo makeshia huitumia kutambua noti bandia, karatasi iliyofuliwa huweza kung'aa weupe ambao karatasi halali ya noti haina. Hitilafu ya kweli ya rangi huondoa hatua moja nzima, ikaziacha nyingine na nguvu zake zote, na mgongo wa noti usipatwe na lolote. Ushauri wangu ni kwamba noti ambayo ajabu yake ni rangi peke yake isitiliwe tamaa mpaka mjuzi aitazame.

Na kabla ya yote haya kuna sharti moja linalotangulia: noti iwe halali. Walaghai wanaotengeneza noti bandia hukosea zaidi kuliko matbaa, na noti yenye neno lililoandikwa vibaya, isiyo na kivuli cha Mwalimu, ambayo utepe wake umebandikwa juu badala ya kufumwa ndani, ni mali ya polisi na Benki Kuu. Mwenye kutaka kujifunza alama za noti halali hana haja ya kwenda mbali. Wakazi wa Temeke wanao uwanja wa Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, ambapo Benki Kuu hushiriki maonyesho ya kila mwaka na kuwafundisha wananchi kuzipapasa na kuzimulika noti zao.

Nchi yetu ina historia ya kale katika jambo hili, nayo inastahili kujulikana zaidi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na utawala wa Kijerumani ukakosa fedha kutoka Ulaya; mwaka 1915 ukaanza kuchapa noti zake za muda papa hapa, Dar es Salaam na Tabora, katika matbaa za kawaida na kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 pale Tabora zikapigwa sarafu za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo, na kufikia 1917 noti za mwisho zilikuwa zikipigwa kwa herufi za mpira. Kazi iliyofanywa hivyo haikosi tofauti, na mabingwa wamezigawa noti hizo kwa herufi zake, karatasi zake na saini zake. Mjukuu anayeikuta moja katika kasha la babu asidhani kwamba wino uliopinda umeifanya kuwa adimu kuliko nduguye. Kupinda ndiko kulikokuwa desturi yake. Asiipige pasi wala asiifute vumbi kwa maji. Noti ya kale iliyosafishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake siku ile ile.

Juu ya bei, ni wajibu kusema kweli. Wanunuzi wa noti zilizokosewa wako zaidi Ulaya na Marekani, wakinunua kwenye minada kama ya Spink huko London na Heritage huko Dallas, na wengi wao hutafuta kwanza noti za nchi zao. Noti ya Tanzania yenye mkunjo mkubwa uliochapwa, au yenye kipande cha jirani yake, huweza kuuzwa kwa kiasi kinachozidi thamani yake mara nyingi. Lakini chembe ya wino, namba iliyoshuka kidogo au ukingo usiolingana haimlipi mtu hata nauli ya kuipeleka. Wapo wapimaji, kama PMG ya Marekani, ambao huikagua noti, wakaifunga katika ganda la plastiki na kuandika hali yake, lakini ada yao pamoja na posta huweza kupita bei ya noti yenyewe, kwa hiyo mtu atangulie kupiga picha safi za pande zote mbili, bila ya kuonyesha jina wala anwani yake, awapelekee wauzaji wawili au watatu wanaojulikana, kisha asikilize. Wakati huo noti ikae bapa ndani ya bahasha safi, mbali na jua na unyevu wa pwani yetu, wala isitiwe leminesheni, kwa maana gundi yake haitoki tena.

Limebaki jambo la noti zilizoondolewa. Benki Kuu ilitangaza kwamba tangu 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025 wananchi wabadilishe noti za shilingi 20, 200, 500, 1000, 2000, 5000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, na baada ya muda huo zikaacha kuwa fedha halali. Mwenye noti iliyokosewa ya matoleo yanayotumika sasa anaweza kungoja bila ya hofu, kwa sababu hata wajuzi wote wakimkatalia, bado atanunua mchele kwa elfu kumi ile ile. Mwenye noti ya matoleo yaliyoondolewa hana tena tegemeo hilo. Noti yake ina thamani ile tu ambayo mkusanyaji atakubali kuilipa, na kwa noti iliyochakaa ambayo kasoro yake haikutoka matbaani, mkusanyaji hatalipa kitu.